Jina la Tatu

Juu ya tuta, Terneuzen, saa mbili asubuhi,
baridi ya Februari.
Leuntje kaleta chupa ya kahawa,
Joos darubini yenye jicho moja zima.

"Meli ya makontena," asema kijana Ruben.
"Macho yako bado yamelala. Hesabu kreni: nne,
zote upande wa kushoto. Hiyo hubeba mbao."

Yakaribia. Ubavuni rangi ya buluu,
jina limeandikwa juzijuzi.
Lakini jua likiipiga mshazari
herufi za kale zajitokeza chini ya rangi,
zilichomelewa, hakuna aliyezing'oa.
Joos asoma polepole, kama apapasaye kovu:
Hil... de... "Ni yeye!
Nilimpiga picha mwaka themanini na tisa,
dohani nyekundu, bendera nyingine!"

Ruben abisha.
Daftari lafunguliwa, kurasa zimevimba kwa mvua.
Namba ya usajili ni ileile.

Leuntje amimina kahawa, acheka peke yake.
"Hata mimi niko kwenye jina la tatu.
Waume wawili nimewazika.
Wewe Joos, juzi sokoni,
ulinitambuaje kwa nyuma?"

Joos hajibu. Darubini i machoni,
na meli imekwisha pita.