Maji Yangu Mwenyewe

Miaka thelathini na moja nimeyaonja maji ya mji huu.
Ya Majengo yana kutu. Ya Kibokoni, chumvi ya kisima.
Nikitia ncha ya ulimi najua bomba limepasukia wapi,
kabla sijashika jembe.

Leo nimepewa kikopo cha kifuniko chekundu
na karatasi yenye jina langu: Mbwarali Shekue.
"Jaza nusu, mzee," yuwasema Mkawasi wa maabara,
lafudhi yake yapanda na kushuka kama njia ya Wundanyi.

Mkojo wangu ni chai ya mkandaa.
Macho, bizari ya manjano.
Usiku viganja vyawasha, utadhani nimechambua upupu,
na Tima huniletea sinia la maji nitie nyayo.

Daktari alinichorea nyuma ya risiti:
ini, kama tangi juu ya paa,
vijifereji vya nyongo vikishuka, vikiungana.
Hapa pamevimba, akasema. Hapa pamebana.
Nikacheka: daktari, hayo ni mabomba ya Tudor!
Hakucheka.
Kuna kubana kwa kovu, akasema,
na kuna kubana kwa kitu kingine.
Hakukitaja.

Wiki jana wakaniteremsha mpira kooni
wakavuta nyongo yenyewe, matone, rangi ya mwani.
Damu wamechukua chupa nne.
Sasa mkojo. Mna vijichembe vya protini ndani, anieleza Mkawasi,
vidogo kuliko harufu,
vinajua yaliyojiri huko mferejini. Mashine huvisoma.
Mimi nina ulimi, yeye ana mashine.
Ufundi ni mmoja.

Chooni, bomba la kunawia lavuja. Ti. Ti.
Nikaweka kikopo dirishani,
nikachomoa uzi kwenye kikoi changu,
nikauzungusha kwenye nati, nikakaza
kwa vidole hivi hivi vinavyowasha.
Likanyamaza.

Nikatoka na kikopo, kingali na joto, kama yai.
Mkawasi akakipokea kwa mikono miwili,
akakiinua kwenye taa
jinsi niinuavyo gilasi mbele ya mwenye nyumba
anayeniuliza: fundi, yanyweka haya?
Nami humjibu: ngoja kwanza yatue.

"Jumatano," asema.

Haya.
Na lile bomba la chooni, namwambia, msilikaze sana.
Uzi utakatika.