Bure

Oktoba, Hull. Mvua inakuja ubavuni kutoka mto Humber,
na Bi Enid Garside mlangoni mwa kiduka changu, Spring Bank,
kipakatalishi kifuani, ndani ya mfuko wa mkate,
kama mtu aliyeokota paka.

"Kimeniambia sistahili," akasema.
Nikakifungua. Kweli: kioo cha samawati,
maneno ya upole, ya kiofisi:
mashine hii haifikii viwango, nunua nyingine,
kisha leseni, kisha ada ya mwaka,
kisha ada ya kukumbushwa ada.
Miaka tisa amelipa kodi
na hamiliki hata msumari wa nyumba hiyo.
Kwetu tunasema nguo ya kuazima haisitiri matako.
Sikumtafsiria. Ni mjane wa shemasi.

Nikamwambia upo mfumo mwingine, wa bure.
Akanitazama kama aliyewahi kuuziwa samaki wa juzi.
Nami nikasita,
maana bure kwetu ni neno lenye ndimi mbili,
bila malipo na bila maana.
Kazi bure. Mtu bure.
Anayegawa bure sharti aape mara mbili.
Neno nililolitaka ni huru,
lakini huru halina bei ya kubandika dirishani.

Flashi moja, dakika kumi na nane,
chai yake ya maziwa inapoa juu ya kaunta.
Kipakatalishi kikaamka, chepesi, feni haikohoi.
Barua zikafunguka. Wajukuu wa Saskatoon wakatokea na theluji yao.
Printa ikagoma; nikaibembeleza, nikaitukana, ikakubali.
Kwa mzaha nikageuza lugha, aone ninavyoona mimi:
Faili. Hariri. Mwonekano.

"Hili la katikati?"
Ni kurekebisha maandishi, nikasema.
Pia ni kitambaa: mate ya viwavi, joho la wafalme.
Akacheka hadi meno ya bandia yakachungulia.
"Nani aliyeyaandika?"
Simjui. Mtu fulani, usiku fulani.
"Alilipwa?"
Hapana.
"Basi kuna mama mahali anamlisha."

Jumatano akarudi na cherehani ya kutarizi.
Hiyo husoma maua kutoka kwenye kompyuta,
na programu ya maua
haikubali kulala ila katika ile nyumba ya kupanga.
Siku tatu nilihangaika.
Nikaihadaa, nikaivika kanzu ya mfumo wa kale;
ikatarizi waridi
kama pweza aliyepigwa jiweni.
Siwezi kumdanganya mteja machoni:
hapo bure ilikuwa bure.

Nikamtafutia kompyuta kuukuu,
nikairudishia mfumo wake wa zamani,
nikaikata na mtandao,
kama mkwe mkorofi anayepewa chumba cha uani
na kuitwa siku za maua tu.
Kwingine kote Bi Enid yu huru,
au yu bure, achague mwenyewe.
Aliniachia pauni kumi na mbili
na leso nyeupe yenye neno moja, HARIRI,
R ya pili imepinda.

Nimefunga duka. Nje, kile kibanda cha simu
chenye rangi ya malai kinalowa bila mteja.
Chini kabisa ya menyu, mahali pa kuagana,
yule mfasiri asiyelala ameandika: Toka!
Na alama ya mshangao,
kana kwamba anafukuza mbuzi jikoni.
Toka! Haliko mbali sana na hustahili.
Nikapendekeza Kwaheri.
Wameweka kisanduku cha sababu; nikaijaza:
"Mwenye nyumba hafukuzwi kwake."

Nikabonyeza Tuma. Wiki mbili sasa, hakuna jibu,
na leo nimekuta jingine la kurekebisha, na jingine.
Bahiya amepiga simu mara mbili:
wali unapoa.