Nusu Maili

Kazi yangu ni kutazama.
Kila saa nafungua mlango wa kibanda cha redio,
nasimama ngazini, kofia ya manyoya hadi kwenye nyusi,
nayauliza macho: mnaona nini?
Msalaba wa kanisa, robo maili.
Tangi la mafuta, nusu.
Gati, maili moja kamili.
Kisha narudi ndani kuiambia hewa.

Jumanne ile gati halikuwepo.
Kanisa lilikuwepo kwa upande mmoja, kama jino lililomeguka.
Tangi niliona.
Niliona weusi wake wa mviringo nyuma ya theluji irukayo,
nikabonyeza kitufe, nikasema: nusu maili.

"Asante, Sheojuk," akajibu Réjean Thibodeau
kwa Kiinuktituti chake cha kupitia puani.
"Machungwa yako tunayo."
Nyuma yake Maude akisoma urefu,
futi mia tisa, mia nane,
sauti ya mtu anayemhesabia mgonjwa vidonge.

Dakika nne.
Nikatoka tena, saa yangu haijafika.
Upepo ulikuwa umegeuka, umepanda kutoka kwenye barafu ya bahari
na weupe mzito kama uji.
Hapakuwa na tangi. Hapakuwa na kanisa.
Niliunyoosha mkono na mkono ukaenda.
Nikakimbia, nikabonyeza: robo, haifiki robo, Réjean, panda juu,
na redio ikanijibu kwa mkwaruzo wake ule
ambao si ndiyo wala si hapana.

Hatukusikia kishindo. Watu huniuliza.
Theluji hunywa sauti.
Pitsiulaaq alikuja na pikipiki yake ya theluji,
akasema maneno mawili: kilima cha takataka.
Tukafuata harufu ya mafuta.

Na huko, machungwa.
Mamia, yameviringika hadi yalipochoka.
Nepi. Matairi mawili. Barua zetu.
Keki ya arusi ya binti wa Napatchie, bokisini mwake, nzima,
hata waridi la sukari halikupinda.
Pitsiulaaq alivua koti,
baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri,
akawafunika wale wawili.
Koti moja halikutosha.
Nikavua langu.

Kunguru walitangulia kula machungwa.
Watoto wakafuata. Sikuwakataza;
dukani hapakuwa na tunda tangu Oktoba.
Mjukuu wangu aliniletea moja mfukoni, gumu kama jiwe.
Liko bado juu ya friji. Limekauka, halijaoza.

Wachunguzi walitoka kusini na mabuti mapya.
Je, uliliona tangi?
Nikasema ndiyo.
Wakaandika ndiyo.
Hakuna aliyeuliza swali la pili,
lile linalonikuta ngazini.

Macho hayana pazia, watu husema.
Yangu yana kitu kibaya zaidi.
Miaka kumi na tisa nalitazama tangi hili,
nalijua lilipo kama ulimi ujuavyo pengo.
Ukungu ukilifunika, jicho hulichora.

Basi niliona, au nilikumbuka?

Saa nane mchana. Natoka.
Kanisa, naam.
Gati, hapana.
Kule mawinguni mtu mwingine ameniuliza, kijana, simjui sauti.
Nafumba macho, naligeuzia tangi mgongo,
nageuka tena, nafumbua.
Namwambia: subiri kidogo.
Nangoja lije lenyewe.