Mchicha wa Dada Yangu

Ghala la vielelezo lina dirisha moja
linalotazama Meru, siku Meru ikitaka.
Humo nimepanga pikipiki tatu, mapanga, gongo kwenye chupa za maji,
na magunia kumi na moja ya mizizi ya msandali
yaliyokamatwa usiku, njia ya Longido,
chini ya shehena ya vitunguu.

Vitunguu viliuzwa kwa amri ya mahakama, maana huoza.
Msandali hauozi. Unanukia.
Mwaka wa pili huu unanukia:
umeingia kwenye majalada, kwenye kitenge changu,
kwenye mkate ninaoubeba asubuhi.
Mawakili wakipita mlangoni husita kidogo,
kama mtu aliyeitwa jina.

Shauri limeahirishwa mara kumi na nne.
Shahidi yuko masomoni. Shahidi amehamishwa.
Jalada liko Moshi, haijulikani nani alilipeleka.
Mwenye mzigo naye hajulikani;
anayejulikana ni Lemburis, miaka kumi na tisa,
aliyeng'oa kwa shilingi mia tatu kilo
na kila tarehe hutoka Ketumbeine kwa nauli ya kukopa.

Hati ya mashitaka niliichapa mimi.
Jina la mti limo kwa Kilatini;
hakimu hulivuka kama avukaye mtaro na viatu vipya.
Siku moja alimuuliza: "Unaujua mti huu?"
"Olosesiai," Lemburis akajibu. "Mama huchemsha magome yake
matumbo yakituuma."
Karani akauliza linaandikwaje.
Hakimu akasema, tuendelee.

Sheria naiheshimu; imenisomeshea watoto.
Inasema mtu asikate, asing'oe, asisafirishe bila kibali,
na aliyeandika *asing'oe* namshukuru, popote alipo.
Ukikata, kisiki hubaki na neno la kusema mvua ikinyesha.
Uking'oa, umemaliza mazungumzo.
Tena wang'oaji huchagua majike,
ndiyo yenye mafuta, wanasema,
wakayaacha madume yamesimama mlimani
na chavua isiyo na pa kwenda.
Jedwali la sheria halina safu ya hilo.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, nikihesabu magunia mbele ya mkaguzi,
punje tano zilinidondokea kiganjani,
nyekundu, zimekunjamana.
Nilipaswa kuziandika.
Nikazifunga kwenye leso.

Nyumbani Sakina nikapanda tatu kwenye makopo ya maziwa,
kila moja na kopo lake, udongo sawa, maji sawa,
haki bin haki.
Zikaota. Zikafika urefu wa kidole.
Zikageuka manjano, zikafa wiki moja.

Nikaenda kwa Bi Akyoo wa Misitu,
nikamwambia ni mchicha wa dada yangu.
Alinitazama muda, akafunika kalamu yake.
"Mchicha huo," akasema, "haujui kula peke yake.
Chini kule mizizi yake hushika mizizi ya mwenzake,
humo ndimo unaponyonya.
Mwambie dada yako aupe jirani."

Mbili zilizobaki nilizipanda pamoja na mbaazi.
Moja ilikataa.
Moja ina majani tisa, mbaazi imeinama juu yake,
na sijui ni jike au dume; itanibidi nisubiri miaka.
Kibali sina. Namba ya kielelezo haina.
Usiku nikimwagia maji najiandikia hati kichwani,
kosa la kwanza, kosa la pili,
nafika kwenye *kupatikana na*, naacha.

Kesho ni tarehe ya kumi na tano.
Nasikia shahidi amesafiri tena.
Lemburis atakuwa benchi la nje tangu saa moja,
shuka limekunjwa magotini,
akivuta harufu itokayo kwenye ghala langu
bila kugeuza shingo.
Nimemwekea nauli ya kurudi
ndani ya bahasha yenye nembo ya mahakama.
Nimetafuta sana kifungu kinachonikataza.
Kipo.
Bahasha nimeshaifunga.