Daftari la Mawese

Ukurasa wa kushoto ni wa madeni.
Mama Gwasa, chupa mbili, tangu Idi.
Fundi Bilali, dumu la lita tano, "nitalipa Jumatatu,"
Jumatatu ipi, hakusema.
Ukurasa wa kulia, tangu mwezi wa tano,
naandika maneno ya Feza.

Hunitumia sauti kwenye simu, alfajiri,
akitoka kumgeuza bibi wa watu kitandani
huko Valensia, mji ninaoujua kwa milio tu:
lifti, funguo, mbwa wa jirani.
Mama, maji ni agwa. Sema, agwa.
Nami niko Ujiji, nakamua chikichi, moshi machoni,
nasema agwa, agwa,
na Sikudhani, upande wa pili wa ukuta, anashtuka:
nani anaagwa leo? Msiba uko wapi?

Sababu ni Teo. Ana miaka minne
na Kiswahili hakimo kinywani mwake.
Sikumlaumu Feza. Humwacha shule gizani,
humkuta amelala. Lugha ingeingia saa ngapi?

Basi nikajifunza mimi, mzee mwenye meno pungufu.
Mesa ikaja bila kubisha hodi, nikaijua: meza.
Sopa nayo, ndugu wa supu, karibu ndani.
Kijiko, kuchara. Mlango, pwerta.
Kiatu ni thapato, ulimi utoke nje kidogo,
na mimi pengo langu likanisaidia.
Bata ni pato.
Hapo nikamwambia, mwanangu, kwangu pato ni pesa,
na mwezi huu halijaonekana hata unyoya.

Desemba walishuka stesheni ya Kigoma,
siku mbili za treni zimewakaa kwenye nguo.
Mtoto ana thapato moja mguuni, ya pili mkononi.
Nikasema, agwa?
Akanitazama kama nimemtoa mfukoni mwake mwenyewe.

Jioni nikapakua: ugali wa muhogo,
mgebuka umelala ndani ya mawese.
Nikanyoosha kidole kwenye sahani, kisha kwake.
Akasema: si.
Nikaiondoa sahani.
Akalia kilio cha mtu aliyedhulumiwa shamba.
Feza alicheka mpaka akakaa sakafuni:
Mama, si ya kwao ndiyo ndiyo yetu!
Nikairudisha sahani, mkono unatetemeka kidogo,
nikawaza ni wangapi niliowaondolea chakula
kwa kusikia neno langu katika mdomo wao.
Marehemu mume wangu, kwa mfano.
Lakini hayo si ya daftari hili.

Usiku akaja kizingitini, shati limegeuzwa nje ndani.
Kama, akasema.
Nikasubiri.
Kama nini, baba?
Kama mvua ikinyesha? Kama mama yako akichelewa?
Kama ndege wa kurudi asingekuwepo?
Kama, akarudia, akapanda gotini pangu,
akalala kabla ya sentensi kufika mwisho.
Mimi niliimalizia kimoyomoyo mara nyingi,
kila mara kwa namna nyingine,
mpaka ganzi ikanishika mguu.
Asubuhi Feza akaniambia. Nikaandika:
kama, kitanda.

Wiki tatu ni fupi kuliko dumu la lita tano.
Siku ya kuondoka, dirishani mwa behewa,
aliniita kwa neno, mara mbili, kwa sauti kubwa,
na treni ilikuwa imeanza kuvuta.
Abwela! Abwela!

Nikarudi nyumbani nikafungua daftari.
Kijiko kimo. Mlango umo. Sabuni, chumvi, bata.
Nilitafuta mstari kwa mstari kwa kidole chenye mafuta:
abwela haimo.
Nilikuwa nimeiandika nyumba nzima,
mwenye nyumba nimemsahau.

Nikamtumia Feza sauti. Akajibu usiku wa manane,
nyuma yake lifti inafunga: ni wewe, mama.

Ukurasa wa kulia ulikuwa umejaa.
Nikaliandika kushoto,
chini ya Fundi Bilali,
kwa wale wa Jumatatu.