Theluthi

Mwaka huu kondoo tulimnunua kwa Rasim,
dume mwenye baka jeusi jichoni.
Mama alimshika pembe, akamwambia polepole,
"Wewe huna kosa, mwanangu,"
kisha akaingia ndani kufunga madirisha.

Mimi nimekuja na basi la usiku kutoka Austria,
magoti yamekunjwa mpaka kucha,
na mfukoni mwa koti nina barua ileile
ambayo kila Bairamu naja nayo, narudi nayo:
*Mfupa wa paja la kushoto. Mbavu mbili.
Ni wake. Damu yenu imethibitisha.
Je, familia iko tayari kumzika?*

Miaka tisa mama ana jibu moja.
"Nilimzaa mzima. Nitampokea mzima."
Akangoja milima ya Bosnia iteme kilichobaki.
Kila walipochimba barabara, kisima,
msingi wa nyumba ya mtu asiyemjua,
alilala na simu kifuani
kama anayenyonyesha.

Asubuhi imamu alisoma yale tunayoyajua:
Ibrahimu, kisu, kijana aliyesema,
baba, tenda ulivyoamrishwa.
Mama alisikiliza akitazama zulia.
Njiani, bila kunigeukia, akasema,
"Yeye aliulizwa."

Tukapiga hatua kumi, ishirini.
Mvua ya jana ilikuwa bado inadondoka
kutoka kwenye majani ya miplamu.

"Aliulizwa, na akarudishiwa.
Wangu alitoka kutafuta unga."

Nilitaka kusema neno. Dini inayo maneno,
na mimi nimesoma.
Nikamshika mkono, tukavuka dimbwi.

Uani Rasim aliinua shoka juu ya paja.
"Usivunje," mama akaita kutoka mlangoni.
"Fuata viungo."
Mtu mwenye miaka arobaini na shoka lile
akaliegemeza ukutani, akaomba kisu kidogo.
Kazi ikachelewa. Nzi wakafika kabla ya wageni.
Mfupa mmoja mmoja ukatoka mzima,
mweupe, unateleza,
na mama akaupokea kwa kitambaa safi
huku sisi wawili tukijifanya hatuoni.

Halafu mizani, ile ya bati,
sindano yake haijawahi kutulia:
theluthi ya jamaa, theluthi ya wasio nacho,
theluthi ya nyumba hii yenye watu wawili,
mmoja wao mgeni.

"Kilo nne na robo," Rasim akasoma.

Mama akaupakata mfuko.
"Ndivyo alivyozaliwa Muriz.
Mkunga alicheka, akaniambia nimezaa kuli."
Akasimama nao, akasimama,
mpaka damu ikaanza kudondokea kandambili zake.
Ndiyo ilikuwa theluthi yetu.
"Huu pia wape watu," akasema.
Akanawa mikono, si vizuri sana.
"Niletee ile karatasi yako."

Alitia saini juu ya kitambaa cha nailoni cha meza.
Kidole gumba kikaacha duara la shahamu pembeni,
na sikuthubutu kulifuta.
"Jeneza lake litakuwa zito?"
Nikasema yote yana urefu mmoja.
Nikasema, ukweli, wabebaji wawili watatosha.

"Wanne," mama akasema.
"Tafuta wanne. Na wapokezane njiani,
kama wanavyopokezana kwa mtu mzito."

Mdila ukachemka, ukamwagikia jiko.
Akamimina finjani nne kama kila mwaka:
yangu, yake, ya Rasim,
na ile iliyomeguka ukingo.
Tukanywa. Rasim akaaga, akachukua mifuko ya watu.
Finjani ya nne ikapoa mahali pake,
ikafanya utando.

Mama akaivuta karibu.
Akainywa yote, mpaka machicha.

"Sukari imezidi," akasema.
"Alikuwa anaipenda hivi."