Ufunguo Uko Buchani

Mlangoni kuna karatasi: "Ufunguo uko buchani."
Basi unavuka uwanja, unamsubiri Egidio
amalize kumpimia mtu maini,
anawe mikono, avue aproni,
ndipo miaka elfu mbili na mia tano ifunguliwe
kwa ufunguo unaonuka mafuta ya nguruwe.

Vyumba viwili tu. Zamani ilikuwa shule;
vigingi vya makoti bado vipo,
vimepigiliwa kimo cha watoto.
Vibandiko vinataja watu tunaowajua:
Mtungi, chini ya famasi.
Pini ya shaba, shambani kwa mjane Assunta.
Mifupa ya mtoto na vikombe vitatu, golini, upande wa kusini.
Mwaka mzima kipa wetu alikataa kudaka upande ule.

Sisi wa Serravento ramani ya kale hatuisomi, tumeikalia.
Ukichimba choo, unamwita mwanaakiolojia kabla ya fundi.
Marehemu baba alilaani sana:
gereji yake ilisimamishwa miaka sita
kwa sababu ya ncha moja ya mkuki.
Baadaye, kila Jumapili, amevaa suti,
alikwenda kuitazama ncha yake
kama anayemtembelea mwanawe seminari.

Bakuli jeusi lile, la mwisho kulia,
lilinywesha kuku wa bibi yangu hadi mwaka wa tetemeko.
Profesa alipoliona akashika kifua.
Bibi akamwambia: "Lichukue, ila usilipeleke Roma.
Kuku watalitafuta."

Mimi huja kwa ajili ya kigae cha paa.
Kilianikwa juani kingali kibichi,
mbwa akapita juu yake:
nyayo nne, ya nne imeteleza, kama ya aliyefukuzwa.
Bila shaka alitukanwa. Tusi halikuhifadhiwa,
lakini nalijua, ndilo nililolitoa mwezi wa tano
saruji ya kibaraza changu ilipokuwa haijakauka.

Vijana wamehamia Torino. Tumebaki mia nne na ushee.
Hata shule mpya imefungwa;
wapo wanaosema nayo ifanywe makumbusho,
wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

Juzi Egidio, akizima taa, aliniuliza
nani atafungua mlango yeye akistaafu,
maana goti lake halitaki tena kuvuka uwanja.
Sikumjibu.
Usiku, nikikata mkate,
nikasikia vidole vyangu vinanuka mafuta ya nguruwe.